Kesi za Mji Usio na Wali

Walionifanyia karamu ya kuniaga walileta keki kubwa, wakaniambia niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa. Sikuona namna ya kusema jambo la maana huku nimeshika sahani. Sasa niko nyumbani kwangu Sidab, hapa Maskati, hakuna anayenigongea kaunta, na nimepata nafasi ya kuyaandika niliyotaka kuwaambia nyinyi mnaobaki masjala ya mahakama. Nawaandikia hasa vijana mnaoamini kwamba kisichokuwamo kwenye kompyuta hakikutokea.

Habari za vyeo sitazieleza. Mtu akikaa kazini muda mrefu hupandishwa hata kama amelala. Mshahara nao ulikuja na ukaondoka, kama wenu.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Maskati na wazee wangu nikiwa bado msichana wa shule. Siku niliyoripoti kazini nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba cha nyaraka. Hakuna aliyejua anikalishe wapi. Mwishowe wakanipa kiti karibu na dirisha, mbali na kila mtu, wakanisogezea mafaili kwa kuyasukuma mezani kana kwamba nina homa ya kuambukiza. Kiarabu cha kusoma nilikuwa nacho. Cha kusema kilikuwa kinachechemea. Nilipofungua mdomo wawili walicheka. Wa tatu hakucheka. Huyo alikuwa Mzee Hamdun, karani mkuu, mtu wa miji ya ndani ya Omani, mwenye kilemba kilichofungwa barabara na vidole vyeusi kwa wino. Kiswahili hakujua hata neno moja na hakuona haya kusema hajui. Alinipa brashi ya rangi iliyokuwa mpya, akaniambia nifute vumbi kabla sijafungua chochote, maana ukifungua kwanza vumbi linaingia katikati ya karatasi na halitoki tena. Hilo ndilo somo langu la kwanza na bado ni kweli.

Vyombo vya kazi yetu vilikuwa vichache. Brashi, ngazi ya mbao, kipande cha mfupa bapa cha kukunjia karatasi, uzi mnene wa kushonea, muhuri. Mimi niliongeza karafuu. Mama yangu alikuwa akizitia kwenye makasha ya nguo kuzuia wadudu, nami nikazifunga katika vipande vya kitambaa nikazipachika kwenye rafu. Wenzangu wakasema chumba kinanukia pilau. Baada ya muda Mzee Hamdun akaniuliza kwa upole kama mama ana nyingine.

Mwaka wa mvua kubwa maji yaliingia chumba cha chini. Tulitoa mafaili ya mirathi yakiwa yamelowa chapachapa, tukafunga kamba juu ya paa, tukaanika hukumu za watu kwa vibanio vya nguo. Majirani walitazama. Mwanamke mmoja jirani alipiga kelele kutoka dirishani kuuliza kama tunafua sheria. Tukamjibu kwamba zilikuwa zinahitaji. Karatasi zilikauka zikiwa na mawimbi, na mpaka leo mkizishika mtazitambua.

Mzee Hamdun alinifundisha mambo mawili makubwa. La kwanza: usiulize mtu anakaa wapi, uliza kadhi alipita njia gani. Zamani hizo barabara ya lami ilikuwa haijafika kila mahali, na miji midogo haikuwa na mahakama. Kadhi alitoka na karani wake, akazunguka, akakaa katika sabla ya mji, yaani ule ukumbi wa wanaume, akasikiliza kesi, kisha akarudi kwenye kituo chake. Karatasi zilirudi naye. Kwa hiyo kesi haikuandikwa kwa jina la mji wa wenye kesi, iliandikwa kwa jina la mahali kadhi alikorudi kulala.

La pili: andika ulichokiona na ulichokisikia, ulichokielewa nenda nacho nyumbani. Yeye mwenyewe alilishika hilo mpaka likawa kituko. Katika kumbukumbu moja ya ugomvi wa mfereji wa maji aliandika kwamba mbuzi aliingia sablani, akala ncha ya busati, akatolewa. Nilimuuliza mbuzi ana haki gani katika kesi ya maji. Akanijibu kwamba hakujua, ndiyo sababu aliandika.

Sasa kuhusu waliofilisika. Mafaili yao hukaa peke yao, na wanaoyatafuta mtawajua kabla hawajasema. Wa kesi ya ardhi huja na sauti kubwa na binamu wawili. Wa talaka huja na hasira. Anayetafuta kesi ya muflisi hungoja kaunta iwe tupu, huinama, na husema kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya dawa ya aibu. Mkimwona, msimwambie arudie kwa sauti. Mpelekeeni kiti kwanza.

Ngumu kuliko zote ni kesi za miji isiyo na wali, yaani mkuu wa wilaya. Mnajua ninazosema: vile vijiji vya nyuma ya milima ambavyo si wilaya, havina baladia, ile ofisi ya manispaa, maji yanatoka upande huu, shule iko upande ule, na ukiwauliza wali wote wawili kila mmoja atakwambia ni wa mwenziwe. Mji mmoja wa namna hiyo ndio ulionipa kesi niliyoibeba moyoni mpaka leo. Nauita Hillat Sumr, jina ambalo si lake, kama yasivyokuwa yao majina ya watu nitakaowataja. Nusu ya wakaazi wake walikuwa wenyeji wa pale tangu mababu. Nusu ya pili walikuwa watu waliorudi kutoka Unguja wakaifuata ardhi ya babu, wakiwa na Kiswahili kinywani na mizigo bado imefungwa.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Alikuja Raya, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ofisi moja ya bima huko Qurum, nadhifu, miwani ya jua kichwani. Alingoja kaunta iwe tupu, akainama.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Nimeambiwa weye unasema Kiswahili."

"Marahaba. Nnasema, na nnasikia pia. Kaa kwanza."

Akanieleza. Baba yake, Mzee Seif, alikuwa na duka la saruji na mbao Hillat Sumr wakati watu wanajenga nyumba zao za mwanzo. Majirani walimpa pesa zao kabla, yeye akaagiza mzigo kwa tajiri mmoja wa mjini, tajiri akatoweka na pesa. Mahakama ikamtangaza muflisi. Akauza alichonacho, akahamia mbali, akaendesha gari la mizigo miaka na miaka, na kila alichokipata akawa anakipeleka mahakamani wagawiwe waliomdai. Alipomaliza, hakuna aliyemletea karatasi ya kumwambia kesi imefungwa. Naye hakuuliza.

"Na leo unaitafutia nini?"

"Jina lake limetoka, Bi Zuwena. La Hija. Kila mwaka tunamwandikisha, mwaka huu limetoka. Na hataki kulithibitisha." Macho yake yalijaa maji. "Anasema hawezi kwenda kwa Mungu na deni la watu. Nkamwambia, baba, umelipa. Anasema, nimelipa, lakini sijui kama nimemaliza. Ana themanini na kitu, figo moja haifanyi kazi. Akilikosa hili hapati jengine."

Tulikuwa na siku chache tu kabla muda wa kuthibitisha haujapita. Kijana mmoja hodari pale ofisini, nampenda na atajijua, aliandika Hillat Sumr kwenye kompyuta. Hapakutoka kitu. Akaandika wilaya ya upande wa pwani, kisha ya upande wa mlima. Hapakutoka kitu. Akasema kesi haipo. Nikamwambia asiseme haipo, aseme hajaiona, nikachukua mkoba wangu.

Jioni ile Raya alinipeleka Mabela kwa baba yake. Nyumba mpya katika mtaa wa nyumba mpya, zote rangi moja, mpaka nikajiuliza watu hurudije kwao. Mzee Seif alikuwa amekaa sebuleni, mrefu, mkondefu, kanzu imepigwa pasi, mkongojo kando. Aliinuka kunipokea ingawa nilimkataza. Nilimwuliza hali, nikamwuliza watu wake wa Unguja ni wepi, tukakuta bibi yake na bibi yangu walikaa mtaa mmoja. Kisha nikauliza nililojia.

"Siku ya kesi, Mzee Seif, kadhi alikuja njia gani?"

Raya alinitazama kama nimerukwa na akili. Mzee hakushangaa.

"Alikuja na bondeni," alisema. "Njia ya mlimani ilikuwa imeporomoka kwa mvua. Gari lao lilikwama mchangani, tukenda kulisukuma. Na mimi nlisukuma. Kadhi hakujua kama mimi ndo niliyekuja kuhukumiwa."

Akatabasamu kidogo. Nikamwuliza kama anakumbuka lolote jengine la siku ile. Tabasamu likaondoka, akatazama mkongojo wake.

"Yalosemwa yote yameandikwa, Bi Zuwena. Mie sina la kuongeza."

Njia ya bondeni haitoki kwenye wilaya yoyote kati ya zile mbili. Inatoka ya tatu, ambayo hakuna mwenye akili angeiuliza habari za Hillat Sumr. Kesho yake nilipanda ngazi mwenyewe, magoti yakilalamika, nikashusha maboksi ya wilaya hiyo ya tatu. Faili lilikuwa ndani, limeshonwa kwa uzi mnene, na kabla sijasoma neno niliujua mwandiko. Karani aliyefuatana na kadhi safari ile, kabla mimi sijaajiriwa, alikuwa Mzee Hamdun. Alikuwa ameshafariki zamani. Nilikaa chini kwenye ngazi nikaisoma Fatiha kwanza.

Waliomdai Mzee Seif walikuwa mji mzima, karibu. Kila mmoja, katika miaka iliyofuata, alikuja akapokea haki yake na kuweka dole gumba. Wote isipokuwa mtu mmoja. Mbele ya jina la Thuraiya binti Mbarak, ambaye ndugu yake Nassor alikuwa wakili wake na ndiye aliyewasilisha madai kwa niaba yake, pesa zilikuwa zimewekwa amana, za kupokewa na mwenyewe tu, na hazikuchukuliwa. Ameitwa, hakuja. Ameitwa tena, hakuja. Ndiyo maana kesi haikufungwa. Mzee Seif alikuwa bado muflisi, kwa ajili ya mwanamke mmoja asiyetaka kufuata pesa yake.

Kisha, pembeni ya ukurasa wa kikao, kwa mwandiko ule ule, nikakuta maneno haya: Mwanamke alisema neno kwa sauti kutoka upande wa wanawake. Kadhi akauliza anasema nini. Nassor akajibu, anauliza kama chai iletwe. Na watu wakainamisha macho.

Nilisoma mara nyingi. Mtu mwengine angepita, maana chai si ushahidi. Lakini mimi nilikaa na mzee yule miaka, nikajua hakuandika mbuzi isipokuwa pale asipomwelewa. Wanaume wa mji mzima hawainamishi macho kwa sababu ya chai.

Nikampigia Raya. Nikamwambia amwulize baba yake kama Bi Thuraiya yuhai. Nikasikia wanasemezana, kisha akarudi na sauti nyengine.

"Anasema yuhai. Yuko pale pale. Nassor ndo alokufa, mwaka juzi. Bi Zuwena, baba ameinuka anatafuta kilemba chake. Anasema mtu huenda mwenyewe kujitoa kwenye deni."

Mkuu wa masjala alinipa ruhusa ya kwenda kuchukua maelezo ya mwanamke mzee nyumbani kwake. Sheria inaruhusu, mkiitafuta. Tuliondoka asubuhi ya siku ya mwisho ya kuthibitisha. Raya aliendesha, baba yake mbele, mimi nyuma na faili mapajani. Barabara siku hizi ni lami mpaka mlangoni, na Mzee Seif alitazama kila kona kama mtu anayesoma barua kutoka kwa jamaa. Hakuwa amekanyaga pale tangu alipohama. Hata kuzika hakwenda. Raya aliniambia kwamba habari ya msiba wa Hillat Sumr ilipofika nyumbani baba yake alijifungia chumbani, na wao wakiwa watoto walidhani anaogopa maiti.

Bi Thuraiya tulimkuta barazani mwake anachambua mchele, mwanamke mdogo wa mwili, mtandio wa kijani, macho makali. Hakuwahi kuolewa tena baada ya kufiwa na mume ujanani, na alikaa nyumbani kwa ndugu yake mpaka ndugu yake akafa. Alimtambua Mzee Seif kabla hajashuka vizuri garini. Hakusimama.

"Umekuja," alisema. "Nlifikiri nitakufa sijaona uso wako."

Mzee Seif aliweka mkono kifuani, akabaki mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Mimi nilikaa karibu na Bi Thuraiya, nikajitambulisha, nikamweleza habari ya faili kama nilivyoisoma. Nilipofika kwenye pesa za amana aliziona kama uchafu wa mchele.

"Pesa gani? Mie nikachukue pesa gani? Mtu nilokwisha kumsamehe nimfuate mahakamani?"

"Ulimsamehe lini, Bi Thuraiya?"

"Siku ile ile! Mbele ya kadhi!" Aliweka ungo chini. "Nlikuwa nimekaa upande wa wanawake. Ndugu yangu akasimama akasema, dada yangu anadai kadha wa kadha. Hakuniuliza. Nkainuka, nkasema kwa sauti yangu yote: mie Thuraiya binti Mbarak simdai Seif, nimemsamehe kwa ajili ya Mungu, naye kaibiwa kama tulivyoibiwa sote. Kiarabu changu wakati ule hakikutosha maneno hayo, nkayasema kwa Kiswahili. Nkasikia kadhi anauliza. Nassor akajibu kitu kwa haraka, sikukifahamu."

Nikamsomea alichojibu Nassor. Bi Thuraiya aliuvuta ungo wake karibu.

"Chai," alisema. Hakulitamka tena.

Niliyaandika maneno yake neno kwa neno, nikamsomea, akaweka sahihi yake taratibu, kwa herufi alizojifunza darasa la watu wazima, wala hakukubali kutumia dole gumba. Kisheria mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Nilimgeukia Raya nikamwona ameshika simu, tayari kubonyeza.

"Mie nkakaa nkangoja," Bi Thuraiya aliendelea, sasa si kwangu bali kwa mtu wa mlangoni. "Nkasema, nimemsamehe mtu mbele ya mji mzima, basi hata salamu haleti? Hata mkewe hamtumi? Nkasema labda ana kiburi. Kisha nkamtetea mwenyewe moyoni, nkasema, labda sauti yangu haikufika. Miaka yote hii ndo nilivyojiambia. Haikufika."

Raya aliteremsha simu. Mzee Seif alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono yote miwili.

"Ilifika," alisema. "Ilifika, Bi Thuraiya. Nlikusikia. Sote tulikusikia."

Mimi niliona haya kuwapo.

"Nusu ya sabla ile ni watu wa Unguja," alisema, na kila neno alikuwa analivuta. "Kila mmoja alifahamu ulichosema. Kadhi kauliza, Nassor kajibu, tukatazama chini. Mtu angesimama akasema sivyo, angekuwa amemwita ndugu yako mwongo mbele ya kadhi, mjini kwake. Na mie ndo niliyekuwa nadaiwa. Nkaona ntaonekana namvunjia mtu heshima ili nipunguziwe deni. Nkanyamaza. Nkalilipa deni, nkafikiri nikilipa na hilo la kunyamaza litalipika. Halikulipika. Ndo maana sikuweza kukutazama."

Nilikuwa nimesoma mafaili maisha yangu yote nikidhani najua namna zote ambazo mtu hudaiwa. Hii sikuwahi kuiona, na ilinichoma, kwa sababu ninawajua watu wetu. Baba yangu angeinamisha macho pia.

Bi Thuraiya hakulia wala hakupandisha sauti.

"La pesa limekwisha, Seif, lilikwisha siku ile," alisema. "Hili la kunyamaza hukulikopa kwangu hapa barazani. Nenda kalilipe ulikolikopa."

Adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia. Raya akasema, "Baba, wacha kwanza nithibitishe, muda unakwisha." Mzee akamwambia bado. Nawaambia mapema ili msikae roho juu: Raya alithibitisha jina la baba yake kabla ya magharibi, na Mzee Seif alihiji, akarudi. Lakini saa ile hakuna aliyejua, na binti yake alitembea nyuma yake kuelekea sablani akiwa ameishika simu kama yai.

Sabla ya Hillat Sumr imejengwa upya, ina mazulia na viyoyozi, lakini chumba cha wanawake bado kiko ubavuni, na uwazi mdogo ukutani wenye nakshi ya mbao. Tuliingia upande wetu, Bi Thuraiya, Raya na mimi, na jirani mmoja aliyetufuata bila kualikwa, kama ilivyo ada. Kwenye uwazi tuliwaona wanaume wanaingia baada ya sala. Vijana wengi. Wazee watatu tu waliokuwa na umri wa kukumbuka. Walimwona Mzee Seif, wakainuka, wakapeana naye mikono na kugusana pua, wakamwuliza habari, na jibu likawa heri, heri, heri, mara nyingi, kama desturi ya huku. Kahawa ikazungushwa. Nilidhani atashindwa.

Kisha akasimama. Alisema kwa Kiarabu kwanza. Alisema siku fulani kadhi alikaa mahali hapa, na mwanamke wa mji huu akasema neno la kusamehe, kadhi akauliza maana yake akaambiwa ni chai, na yeye Seif alijua si chai akanyamaza. Akamwombea Nassor rehema, akasema lawama si ya marehemu peke yake. Halafu akayarudia maneno ya Bi Thuraiya kwa Kiswahili, kama yalivyotoka siku ile, jina lake na jina la baba yake na yote. Alikuwa ameyahifadhi neno kwa neno. Nililinganisha na karatasi yangu. Alikuwa anakumbuka neno moja ambalo mwenyewe alilisahau.

Alipokwisha alibaki amesimama. Vijana walitazamana, hawakujua watazame wapi. Mmoja wa wale wazee watatu, kipofu wa jicho moja, akaweka kikombe chini.

"Na mimi nlisikia," alisema.

Wa pili alichelewa, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Na mimi."

Wa tatu alikuwa mwenyeji wa pale, hakuwa na Kiswahili. Alisema kwamba yeye hakufahamu neno, lakini aliona nyuso za wenziwe siku ile, na tangu hapo alijua kuna jambo, naye hakuuliza.

Bi Thuraiya alikuwa ameshika nakshi ya ukuta kwa vidole. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali nani anamsikia. Na upande wa pili wanaume wote walinyamaza, wakamngojea amalize.